Hoteli zimejaa, dola hazionekani: kwa nini visiwa vidogo vinalemewa na deni?

SWALI: Mwalimu, asalaam aleikum. Nina duka la jumla Kongowea, nauza maharage, vitunguu na viazi, na kwa muda sasa nimekuwa nikipeleka mzigo Komoro. Shemeji yangu anafanya kazi hotelini Mahé, Shelisheli, ananihimiza niingie soko la huko. Mwenzangu wa biashara naye ananionya: visiwa vyote vimezama kwenye madeni, Shelisheli walishawahi kufilisika, na Maldivi wako mlangoni. Mimi nashindwa kuelewa. Nchi ina watu wachache kuliko Kisauni hapa Mombasa, hoteli zimejaa wageni, chumba cha usiku mmoja ni mshahara wa mtu wa hapa wa mwezi mzima. Pesa zinakwenda wapi? Ni Wachina? Na nikimpa mtu wa kisiwani mali kauli, yaani achukue mzigo alipe baadaye, niangalie nini?

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Mwenzako hajasema uongo, na shemeji yako hajakupoteza. Shelisheli ilishindwa kulipa deni lake mwaka 2008, dunia nzima ikishuhudia. Leo ni nchi ambayo mfanyabiashara akienda benki na rupia zake kutafuta dola, kwa kawaida anazipata. Kilichobadilika hapo katikati si ukubwa wa deni peke yake. Kilichobadilika zaidi ni namna nchi inavyozipata dola, inavyozigawa na inavyozilipa. Ukilishika hilo, mengine yote uliyouliza yanafunguka, pamoja na lile la mali kauli.

Hesabu yako ya watu iko sawa. Shelisheli nzima ina watu kama 120,000, na Kisauni peke yake ilipita 290,000 kwenye sensa ya 2019. Lakini hao 120,000 wanahitaji kila kitu ambacho nchi kubwa inacho: rais, bunge, mahakama, benki kuu, uwanja wa ndege wa kimataifa, bandari, hospitali kuu, na maboti ya kulinda bahari yenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba milioni 1.3. Gharama hizo hazipungui kwa kuwa watu ni wachache. Wewe unayepeleka mzigo Moroni unalijua hili kuliko mimi. Bandari ile ina kina kidogo, meli kubwa inatia nanga nje, gunia linashushwa kwenye tishari, kisha linapakuliwa tena gatini. Gunia moja limelipiwa kubebwa mara mbili kabla halijafika dukani, na anayelipa mwishowe ni mama anayenunua kilo yake ya mchele.

Sasa hizo dola za hoteli. Mgeni anayelala Mahé au kwenye kisiwa cha Maldivi mara nyingi amelipa sehemu kubwa ya safari yake akiwa bado kwao Ulaya. Shirika la ndege limechukua lake. Kampuni iliyomuuzia safari imechukua lake. Kama hoteli inabeba jina la kampuni kubwa ya nje, kuna ada ya jina na ya usimamizi. Kinachobaki ndicho kinachoingia kisiwani, na hapo ndipo kazi inapoanza. Maldivi ni visiwa vya matumbawe, udongo ni haba. Zaidi ya samaki, nazi na mazao machache, karibu kila kitu mezani kimekuja na meli au ndege: mchele, kuku, mayai, maziwa, siagi, matunda. Shuka zimetoka nje, mbao zimetoka nje, vipuri vya boti vimetoka nje. Umeme unatoka kwenye majenereta ya dizeli, na dizeli inanunuliwa kwa dola. Wafanyakazi wengi wametoka Bangladesh, India na Sri Lanka, na mwisho wa mwezi wanataka kutuma kwao. Kila kimoja katika hivyo kinazidai dola zile zile alizolipa mgeni.

Halafu kuna zile ambazo hazifiki kabisa. Hoteli inaweza kutoza kwa dola, ikaweka dola zake benki ya nje, na kuingiza nchini kiasi cha kulipia mishahara na kodi tu. Maldivi ililazimika, mwaka 2024, kutoa kanuni za kuzitaka hoteli zilete mapato yao ya kigeni kwenye benki za ndani na kubadilisha sehemu yake. Serikali haifiki hapo kama mambo ni shwari. Mwaka huo huo nchi ilipokea wageni zaidi ya milioni 2, idadi ambayo haikuwahi kuiona. Na mwaka huo huo, mwezi wa Agosti, kampuni ya Fitch, inayopima uwezo wa nchi kulipa madeni, iliishusha hadi daraja la CC, maana yake kwamba kushindwa kulipa limekuwa jambo lenye uwezekano mkubwa. Wageni rekodi, na hazina tupu, ndani ya miezi ileile.

Hili tulilionja wenyewe. Unakumbuka 2023, pale waagizaji wa Mombasa walipokuwa wakizunguka benki hadi benki kutafuta dola, na benki inampa mtu kidogo kidogo kama dawa ya matone? Serikali ikaingia mkataba na kampuni za mafuta za Ghuba ili mafuta yanayoshushwa Kipevu yalipwe kwa mkopo wa miezi sita, kusudi presha ya dola ipungue. Januari 2024 dola moja ikafika kama shilingi 160. Ile hati fungani ya dola bilioni 2 tuliyouza 2014 ilikuwa inaiva Juni, na kila mkopeshaji aliangalia kalenda. Februari Kenya ikauza hati mpya ya dola bilioni 1.5 kwa gharama ya zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka ili kuinunua sehemu ya ile ya zamani, na baadaye shilingi ikapanda tena hadi karibu 130. Kenya ina chai, maua, kahawa, pesa za jamaa walio nje, na bandari inayohudumia nchi jirani. Ondoa vyote hivyo, bakisha utalii na samaki, ndipo utaiona hali ya kisiwa kidogo.

Ndiyo maana nakusihi usibabaishwe na ile asilimia ya deni kwa pato la taifa ambayo magazeti yanapenda. Mpangaji wa Nyali anayelipwa mshahara kwa shilingi na kodi yake imeandikwa kwa dola anaweza kuwa na deni dogo kuliko jirani yake na bado akalala macho. Morisi ni mfano mzuri. Deni lake limepita asilimia 70 ya pato la taifa, lakini sehemu kubwa linadaiwa na watu na benki za Morisi wenyewe, kwa rupia za Morisi. Serikali ikibanwa, inazungumza na watu wake. Maldivi, kwa upande mwingine, ilikuwa na sukuk (hati fungani ya Kiislamu) moja tu ya dola milioni 500 inayoiva 2026, na hiyo moja ilitosha kuwanyima watu usingizi, kwa sababu dola hazichapwi Malé.

Morisi yenyewe haikufika hapo kwa bahati. Mwaka 1961 mchumi Mwingereza James Meade aliitazama ikiwa koloni la miwa, watu wakiongezeka haraka, akaona mbele giza. Mwaka 1970 Morisi ilianzisha utaratibu wa viwanda vya kuuza nje, ikashona nguo kwa ajili ya soko la Ulaya. Sukari yake nayo ikapata bei nzuri ya uhakika huko Ulaya kuanzia 1975. Baadaye wakaongeza hoteli, kisha huduma za fedha. Nguo zilipoyumba, hoteli zilishika. Visiwa vingi havikupata nafasi hiyo ya kuwa na miguu mitatu au minne.

Niruhusu nikae zaidi kwenye Shelisheli, maana ndiko unakotaka kwenda, na kisa chake kina mafunzo ambayo sioni yakielezwa ipasavyo kwa Kiswahili.

Kwa miaka mingi serikali ya huko iliishikilia bei ya rupia. Bei ya benki ilikuwa moja, bei ya uchochoroni ilikuwa nyingine. Mwenye dola hakuwa na sababu ya kuzipeleka benki, basi alizificha au aliziacha nje. Mwenye duka alipanga foleni kuomba dola za kuagizia bidhaa, na rafu zikawa zinapwaya. Ili kuziba pengo serikali ikakopa nje, tena kwa soko la kibiashara: mwaka 2006 iliuza hati fungani ya dola milioni 200, mwaka uliofuata ikaiongeza hadi milioni 230. Kwa nchi ndogo kiasi kile, huo ni mzigo mkubwa. Kisha 2008 bei ya mafuta na ya chakula ikapanda duniani kote. Akiba ya dola ikawa karibu imekwisha. Oktoba 2008 tarehe ya kulipa riba ikafika, na malipo hayakufanyika.

Walichofanya baada ya hapo ndicho ningependa ukikumbuke. Walikwenda Shirika la Fedha la Kimataifa, na mapema Novemba wakaiachia rupia itafute bei yake sokoni. Ikapoteza karibu nusu ya thamani yake. Ruzuku za jumla zikaondolewa, serikali ikapunguza wafanyakazi wake. Usidhani ilikuwa rahisi kwa mtu wa kawaida: bei za vitu zilipanda ghafla, na mshahara ulikuwa uleule. Aliyeumia zaidi ni mtu wa mshahara mdogo ambaye hakushiriki hata kidogo kuamua mkopo ule. Hilo linanikera mpaka leo kila nikisoma ripoti zinazolisimulia zoezi lile kana kwamba lilikuwa hesabu tu. Lakini lilileta kitu kimoja: mwenye dola akaona bei ya haki, akazileta benki. Foleni ikaisha.

Baada ya hapo ndipo wakopeshaji nao wakaketi mezani. Aprili 2009 Klabu ya Paris, yaani serikali zilizokuwa zinaidai Shelisheli, ilikubali kufuta asilimia 45 ya deni lake. Mwaka 2010 wenye hati fungani nao wakakubali kubadilisha karatasi zao kwa mpya zenye nusu ya thamani, Benki ya Maendeleo ya Afrika ikatoa dhamana ya sehemu ili wakubali. Deni lililokuwa limepita pato zima la taifa likashuka mwaka hadi mwaka, mpaka kabla ya korona likawa karibu asilimia 60. Korona ilipofunga anga, rupia ikaporomoka tena na deni likapanda, lakini safari hii bei ilipokea kishindo, rafu hazikubaki tupu vile, na wageni waliporudi 2021 rupia nayo ilipata nguvu. Nchi iliyoshindwa kulipa 2008 haikushindwa 2020, mwaka ambao utalii wake wote ulisimama. Kwangu mimi huo ndio ushahidi mkubwa kwamba mageuzi yale yalikuwa ya kweli.

Sasa Wachina. Hapa Mombasa swali hilo lina uchungu wake, maana tumesikia mengi kuhusu mkopo wa reli ya SGR na bandari yetu. Jibu fupi ni kwamba China ni mkopeshaji mkubwa wa baadhi ya visiwa, lakini si yeye aliyevizamisha vyote. Kilichoikaba Shelisheli 2008 kilikuwa karatasi za masoko ya fedha. Maldivi imekopa China, ikajenga daraja la kutoka Malé kwenda kwenye uwanja wa ndege, lililofunguliwa 2018, na kupanua uwanja wenyewe. Lakini imekopa India pia, na Oktoba 2024 ni India iliyoiokoa kwa mpango wa kubadilishana fedha wa dola milioni 400. Tonga, kisiwa cha Pasifiki, ndiyo inayokaribia picha aliyonayo mwenzako: baada ya ghasia za 2006 kuuchoma mji mkuu wake, ilikopa Benki ya Exim ya China kuujenga upya, na deni hilo limeielemea miaka yote hii. Swali la kumuuliza mkopeshaji yeyote, awe wa Beijing, wa London au wa Delhi, ni lile lile: riba ni kiasi gani, linaiva lini, na kilichojengwa kitaleta dola au kitaleta shukrani tu? Uwanja wa ndege unaweza kuleta dola. Jengo la wizara haliwezi.

Kuna jambo lingine ambalo mwenzako hakulitaja, nalo ndilo linalonifanya nisiwalaumu watu wa visiwa haraka. Kimbunga. Septemba 2004 kimbunga Ivan kiliipiga Grenada, nchi ya Karibea ya watu kama laki moja, na hasara ilikadiriwa kuwa karibu mara mbili ya pato lake la mwaka mzima. Nyumba nyingi ziliezuliwa au kubomoka, na mikungumanga, iliyokuwa fahari ya kisiwa kile, iling'olewa mashambani. Mkungumanga ukiupanda leo unasubiri miaka mingi ndipo uzae vizuri. Mkopo uliochukuliwa juu ya mavuno yale haukungoja. Desemba mwaka huo huo tsunami ikaipiga Maldivi, hasara ikawa kama asilimia 62 ya pato la taifa. Jirani zetu wa Komoro wanakikumbuka kimbunga Kenneth cha Aprili 2019, kilivyolala juu ya Ngazija na migomba na minazi yake. Kenya ikikumbwa na mafuriko Tana River au Budalangi, ni msiba mkubwa, lakini Nakuru inaendelea kulima na Nairobi inaendelea kulipa kodi. Kisiwa kikipigwa, kimepigwa chote, na kodi, mauzo na wageni vinaondoka siku moja.

Grenada ilijifunza kwa njia ngumu. Ilishindwa kulipa tena 2013, na iliporekebisha madeni yake 2015 ilidai kipengele kwenye mkataba: kikija kimbunga cha kiwango fulani, malipo yanasogezwa mbele bila nchi kuhesabiwa kuwa imeshindwa kulipa. Watu walikiona kama mapambo. Julai 2024 kimbunga Beryl kikakiangamiza kisiwa chake cha Carriacou, serikali ikakitumia kipengele kile, pesa za kuwalipa wakopeshaji zikabaki nyumbani kushughulikia waathirika. Barbados nayo iliweka kipengele cha majanga kwenye hati zake baada ya kusimamisha malipo 2018, na Waziri Mkuu wake, Mia Mottley, amekuwa akipigania mikopo yote ya nchi dhaifu iandikwe hivyo. Ningekuwa na uwezo, hakuna nchi ya Afrika Mashariki ambayo ingetia saini mkopo wa nje bila kipengele cha aina hii.

Jamaika ilipita njia nyingine. Deni lake lilikuwa kama asilimia 145 ya pato la taifa miaka ya 2012 na 2013. Serikali iliwabadilishia wenye hati za ndani masharti mara mbili, ikagandisha mishahara ya watumishi wa umma, ikabaki na ziada kubwa ya bajeti mwaka baada ya mwaka kabla ya kuhesabu riba. Waliunda kamati yenye watu wa serikali, wafanyabiashara na vyama vya wafanyakazi, kazi yake ikiwa kuangalia hesabu na kuwatangazia wananchi kama malengo yamefikiwa. Chama kilichotawala kikabadilika 2016, mpango ukaendelea. Kufikia 2024 deni lilikuwa limeshuka hadi karibu nusu ya lile la zamani. Pia walinunua bima ya kimbunga kupitia Benki ya Dunia. Beryl ilipopita 2024 bima hiyo haikulipa hata senti, kwa kuwa kipimo cha mgandamizo wa hewa hakikufika kiwango kilichoandikwa, na watu walikasirika kwa haki. Kimbunga Melissa kilipokuja Oktoba 2025, kibaya kuliko vyote, bima ililipa pesa zote, dola milioni 150. Ni kidogo ukilinganisha na uharibifu, lakini zilikuwa pesa zisizohitaji kurudishwa.

Na hapa pana dhuluma ambayo lazima niiseme. Mikopo ya riba nafuu ya Benki ya Dunia hugawiwa kwa kuangalia zaidi pato la kila mtu. Kisiwa chenye hoteli za fahari na watu wachache kinaonekana tajiri kwenye karatasi, basi kinaambiwa kakope sokoni. Shelisheli imewekwa kundi la nchi za kipato cha juu. Kimbunga hakisomi karatasi hiyo. Agosti 2024 Umoja wa Mataifa ulipitisha kipimo kipya cha kuangalia udhaifu wa nchi badala ya kipato peke yake. Ni hatua, lakini wenye pesa hawalazimiki kukifuata, na mpaka watakapokifuata itabaki hotuba nzuri.

Huenda umesikia pia habari ya Shelisheli kubadilisha deni kwa kulinda bahari. Ni kweli. Kama dola milioni 21.6 za deni lake kwa Klabu ya Paris zilinunuliwa kwa msaada wa shirika la uhifadhi la The Nature Conservancy, na malipo yakaelekezwa kwenye mfuko wa ndani wa kuhifadhi bahari. Kufikia 2020 walikuwa wametenga asilimia 30 ya bahari yao. Mwaka 2018 wakauza hati fungani ya buluu, yaani ya miradi ya bahari, ya dola milioni 15. Mimi nayapenda haya kwa ajili ya samaki, na jodari ndiye dola ya pili ya Shelisheli baada ya mgeni. Kama dawa ya deni ni madogo mno. Kupunguziwa deni kwa 2009 na 2010 ndiko kulikowapa pumzi.

Haya, twende dukani kwako.

Komoro unakokujua ni kisa tofauti. Faranga yake imefungwa kwenye yuro, kama faranga 492 kwa yuro moja, chini ya makubaliano na Ufaransa, kwa hiyo bei yake kwa yuro haikushtui ghafla. Nchi ilifutiwa sehemu kubwa ya deni lake Desemba 2012 chini ya mpango wa nchi maskini zenye madeni makubwa, lakini imekopa tena, na Shirika la Fedha la Kimataifa katika tathmini za miaka ya karibuni limeiweka kwenye hatari kubwa ya kulemewa. Kinachowalisha hasa si vanila wala karafuu wala langilangi, bali jamaa zao walioko Ufaransa wanaotuma pesa. Ndiyo maana msimu wa harusi kubwa za ada, Julai na Agosti, wanaporudi nyumbani na yuro zao, mteja wako analipa bila kukumbushwa, na miezi mingine anasuasua. Mali kauli ya Komoro ipangie tarehe kwa kufuata msimu huo. Weka bei kwa yuro, na kumbuka anayeweza kuyumba ni shilingi yetu.

Shelisheli bei ya rupia inaelea. Maana yake dola zipo, ila leo zinaweza kuwa ghali kuliko mwezi uliopita. Hatari yako ni bei. Mnunuzi akiahidi kukulipa kwa rupia baada ya siku 90, wewe ndiye uliyebeba hatari hiyo. Akiahidi kwa dola, ameibeba yeye, na ukitaka kujua kama ataiweza, muulize anamuuzia nani. Anayeuzia hoteli zinazomlipa kwa fedha za kigeni ni salama kuliko anayeuza rejareja Victoria kwa rupia. Maldivi ni kinyume chake: bei ya rufiyaa imeshikiliwa, kama 15.4 kwa dola, haisogei, lakini mnunuzi mwaminifu anaweza kukaa na rufiyaa zake mkononi wiki nzima akitafuta dola za kukulipa. Huko hatari ni foleni. Mtu akikuletea biashara ya Maldivi sasa hivi, mzigo ulipwe kabla haujapanda meli.

Kwa nchi yoyote ya kisiwa, fuatilia vitu vitatu, na vyote vinatangazwa na benki kuu au vinasikika mtaani. Akiba ya fedha za kigeni inatosha kuagiza bidhaa za miezi mingapi. Ikishuka chini ya mitatu, fupisha mali kauli. Tofauti ya bei ya dola kati ya benki na mtaani. Shemeji yako anaweza kukuambia hilo kwa simu moja, na ikianza kupanuka usisubiri gazeti. Na tarehe ya kuiva kwa deni kubwa la nje, maana miezi ya kuikaribia ndiyo serikali hukusanya dola zote zilizopo, wenye maduka wakakaa pembeni.

Kuhusu mzigo wa kwanza wa Mahé: usianze na viazi. Ulizia kwanza meli inapitia wapi na inakaa siku ngapi njiani, kwa kuwa kontena likishushwa bandari ya tatu kungoja meli nyingine, kiazi kinachipua na kitunguu kinaoza, na hapo hakuna rupia wala dola itakayokusaidia. Anza na maharage makavu, chukua mapema cheti cha KEPHIS, wakaguzi wa mimea wa serikali, na mnunuzi apate kibali chake cha kuingiza mazao kabla hujafunga kontena. Dai nusu kabla ya kupakia, nusu kwa dola akionyeshwa hati za meli, au aiombe benki yake itoe barua ya kukuhakikishia malipo. Akifanya hivyo vizuri mara kadhaa, mpe mali kauli ya siku 30, usifike 90. Na kama ananunulia hoteli, mwombe nakala ya mkataba wake na hoteli hiyo uone inamlipa kwa fedha gani.